HIMA YA MWANAFUNZI NA LADHA YA ILIMU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanaadamu kwa akili na kwa ilimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darasa yetu limeletwa suali ambalo tumeliona lastahiki kujibiwa kwa kalamu, kwani si suali la nyumba moja wala la mtaa mmoja. Suali lenyewe ni hili: kijana ameingia chuo kikuu kwa furaha, jamaa zake wakamsindikiza kwa dua na machozi, akafika mwaka wa pili au wa tatu, moyo wake ukapoa. Kitabu kimekuwa kizito mkononi mwake kama jiwe. Darasani yupo kwa mwili tu. Hana alipendalo katika masomo yake, na hata mambo aliyokuwa akiyafurahia zamani hayafurahii tena. Je, kijana huyu afanya dhambi? Na akiendelea kusoma bila ya hamu, kwa kuwaogopa wazee wake na kuyaogopa maneno ya watu, je, kusoma huko kwahisabiwa kuwa ni kutafuta ilimu, au ni unafiki? Na je, hamu iliyokwisha yaweza kurudi, au ni kama maji yaliyomwagika, yasiyozoleka?

Tumeona tulijibu kwa urefu, kwa sababu kukosea katika jawabu lake kwaweza kumpoteza kijana, na huenda kukampoteza moja kwa moja.

Watu wetu, wanapoulizwa suali hili, hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza husema: Huu ni uvivu na kudeka. Sisi tulisoma kwa taa ya mafuta, tukaenda kwa miguu, wala hatukuulizwa kama tuna hamu au hatuna. Fungu la pili husema: Moyo haulazimishwi. Kama mtoto hana raha na masomo na ayaache, riziki iko kwa Mola. Sisi twaona kwamba kila fungu limeshika upande mmoja wa kweli likauacha wa pili. Fungu la kwanza limejua kwamba hamu si sharti ya wajibu, lakini limesahau kwamba moyo una kiasi chake kama mwili ulivyo na kiasi chake. Fungu la pili limejua kwamba moyo una kiasi, lakini limesahau kwamba moyo hufundishika.

Na yafaa tujue kwamba shida hii, kwa namna tuionavyo, ni ya zama zetu. Wazee wetu shida yao haikuwa hamu. Shida yao ilikuwa mlango. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947 akiwa ni Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa hapa Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na katika mambo aliyowakumbusha watu ndani yake ni kubaki nyuma kwa Waislamu wa pwani katika ilimu. Siku hizo kijana wa pwani aliyetaka masomo ya juu hakuyapata karibu. Safari yake ilikuwa ni ya Makerere, Kampala, au ni ya kuvuka bahari, na waliobahatika walikuwa ni wa kuhisabika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaasisiwa Mombasa taasisi ya Waislamu ya mafunzo ya ufundi, iliyojulikana kwa jina la MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengineo. Mwaka 1966 ikageuzwa jina na milango yake ikafunguliwa kwa watu wa dini zote. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki. Na mwaka 2013 ikawa Technical University of Mombasa. Na huko Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani kilianza kama chuo kishiriki mwaka 2007, kikapata hati yake kamili mwaka 2013.

Basi mlango ambao wazee walibisha kwa miaka mingi sasa umefunguliwa, na upo karibu na nyumba. Lakini mlango ukifunguliwa, watu hudhani kwamba kazi imekwisha, na kumbe kufungua mlango ni kazi moja, na kumfanya aingiaye ajue ameingia kwa jambo gani ni kazi ya pili. Kijana wa leo amebebeshwa hamu ya vizazi viwili vilivyonyimwa. Babu alitaka akakosa, baba alitaka akakosa, na mtoto amepewa kabla ya kutaka. Huenda hata masomo asomayo hakuyachagua yeye: alama zake za mtihani zimempeleka penye nafasi, au baba ameamua kwamba katika ukoo huu lazima apatikane tabibu. Mtu hawezi kula chakula kwa njaa ya mwenziwe.

Sasa na tuje kwenye suali lenyewe, na tuanze kwa mtu ambaye hapana awezaye kumwita mvivu. Imamu Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 1058. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimpa ualimu mkuu wa Madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, cheo kikubwa kabisa cha ilimu katika zama zile. Wanafunzi wake walikuwa mamia. Basi katika mwezi wa Rajabu mwaka 488 wa Hijra, yaani mwaka 1095, mtu huyu alishindwa kufundisha. Yeye mwenyewe amelieleza jambo hili katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal: alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku, mpaka ulimi wake ukafungika, akawa ataka kuwasomesha wanafunzi wake na neno halitoki, kisha huzuni ikashuka mwilini, chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakasema kwamba maradhi haya yameanzia moyoni na hayana dawa mpaka moyo upumzike. Alipoitazama kazi yake akaona kwamba niya yake katika kufundisha haikuwa ya Mwenyezi Mungu. Alichokuwa akikitafuta ni jaha na sifa. Akagawanya mali yake, akawaachia watoto wake ya kuwatosha, akatoka Baghdad, akakaa Sham, na Baitul-Muqaddas, na akahiji. Na baada ya takriban miaka kumi na moja, mwaka 1106, alirudi kufundisha, huko Naisabur, naye akasema kwamba ijapokuwa amerudi kwenye ilimu, hakurudi kule alikokuwa.

Katika kisa hiki mna mafunzo matatu. La kwanza, kupotewa na hima si dalili ya akili ndogo wala ya imani dhaifu. Jambo hili limempata mtu ambaye umma wote wamkubali. La pili, moyo unapokataa kazi, mara nyingine huwa wasema kweli ambayo ulimi wauficha, yaani kwamba kazi hii niliifanya kwa ajili ya watu, na watu hawashibishi. La tatu, na hili vijana hulisahau, Ghazali hakuiacha ilimu. Aliacha sababu mbovu ya kuitafuta, kisha akairudia kwa sababu iliyo njema. Tena alipoondoka aliondoka kwa hisabu, na walio chini yake hakuwaacha wakihangaika.

Lakini si kila aliyechoka ni Ghazali. Ni lazima tupambanue, kwani dawa ya ugonjwa mmoja ni sumu ya mwingine. Mtume (S.A.W.) katika dua zake alikuwa akijikinga kwa Mola wake na mambo kadhaa, na katika hayo ni kushindwa na uvivu. Maulamaa wakaeleza kwamba haya ni mawili na wala si moja. Kushindwa ni kutaka na usiweze. Uvivu ni kuweza na usitake. Basi anayemwambia aliyeshindwa kwamba ni mvivu amemdhulumu, na anayemwambia mvivu kwamba ameshindwa amemdanganya.

Na sisi twaongeza, kwa yale tuyaonayo katika vijana wetu, kwamba mlango wa kupotewa na hamu una sababu nne. Ya kwanza ni uvivu wenyewe, na huo wajulikana: mwenye nao hana hamu na kitabu lakini ana hamu na mchezo, wala usingizi haumpotei. Ya pili ni uchovu: huyu anapenda masomo yake ila amejitwika zaidi ya uwezo, asoma usiku, afanya kibarua mchana apate nauli na kodi ya chumba, ala mlo mmoja. Huyu hahitaji mawaidha. Ahitaji chakula na usingizi. Ya tatu ni kukosa maana: ana nguvu na ana wakati, lakini hajui asomea nini, kwa kuwa hapana aliyemwambia isipokuwa kwamba asome apate kazi, naye awaona waliomtangulia wana shahada na kazi hawana. Ya nne ni maradhi.

Hii ya nne tutaisimamia kidogo, kwa kuwa ndiyo watu wetu huifichia aibu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na ya nafsi, na humo akapambanua huzuni ya namna mbili: huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama msiba au hasara, na huzuni imshukayo mtu bila ya yeye kujua sababu yake, ikamkata na kila kitu cha kumfurahisha. Hii ya pili alisema kwamba asili yake imo mwilini, na akaelekeza itibiwe kwa dawa za mwili pamoja na maneno ya kumchangamsha mgonjwa. Mambo haya yaliandikwa na Mwislamu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Basi ni jambo la kusikitisha kwamba leo katika miji yetu kijana akikaa wiki kwa wiki hali, halali, hacheki, na asema kwamba haoni faida ya kuishi, watu husema amepatwa na shetani au amefanyiwa uchawi, wakampeleka kwa waganga wa kupunga badala ya kumpeleka kwa tabibu. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu. Na mwenye kusema neno la kuitaka mauti asichukuliwe kwamba ana mzaha, wala asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kama apelekwavyo aliyevunjika mguu. Na kumsomea Qur'ani pia ni jambo jema, ila kisomo hakimzuii mtu kumwona tabibu.

Tukiisha kuwatoa wagonjwa na waliochoka, wabaki wale wa sababu ya tatu, na hao ndio wengi. Hapa ndipo penye suali la hikima: je, ni bora mtu afanye lililo wajibu hali ya kuwa halipendi, au ni bora asubiri mpaka alipende?

Wanafalsafa wamehitalifiana katika hili. Immanuel Kant, Mjerumani aliyefariki mwaka 1804, aliona kwamba tendo huwa na thamani ya kweli linapofanywa kwa ajili ya wajibu, na kwamba thamani hiyo hudhihiri wazi pale ambapo mtu hana mvuto nalo wowote. Na kabla yake kwa zaidi ya miaka elfu mbili, Aristu wa Uyunani aliona kinyume: kwamba mtu hajawa mwema kwelikweli mpaka awe anaufurahia wema, na kwamba atendaye haki kwa kununa bado hajakuwa mwadilifu. Lau tungelisimama kwa Kant peke yake, tungeliwaambia vijana wetu: Saga meno usome, na furaha si kazi yako. Na lau tungelisimama kwa Aristu peke yake, kijana asiyefurahi angelidhani kwamba kusoma kwake hakuna maana.

Ghazali katika Ihya, pale azungumzapo juu ya kuifunza nafsi, atuonyesha njia inayokusanya yote mawili. Asema kwamba tabia njema mwanzo wake ni kujilazimisha na mwisho wake ni ladha. Atakaye kuwa mwandishi wa khati nzuri huanza kwa kuiga mkono wa aliye hodari, kwa taabu, siku baada ya siku, mpaka mkono wake ukazoea, na khati nzuri ikawa yatoka bila ya kujilazimisha. Kisha aleta mfano ambao kila mtu wa mjini ataufahamu. Mtazame mchezaji kamari: kamari yamfilisi, yamvunjia nyumba, naye aipenda. Mtazame mwenye kurusha njiwa: husimama juani mchana kutwa kwa miguu yake wala hahisi taabu, kwa vile alivyozoea kufurahi na ndege wake. Basi ikiwa nafsi kwa mazoea yaweza kuionea ladha batili, iweje isiweze kwa mazoea kuionea ladha kweli, nayo ndiyo iliyoumbiwa?

Ndugu msomaji, pima hoja hii, kwani ndiyo jawabu la anayesema kwamba hamu iliyomwagika haizoleki. Watu wengi hudhani kwamba hamu hutangulia na kazi hufuata, kwa hivyo hukaa wakiingojea hamu kama mtu angojaye pepo za kaskazi katika mwezi wa kusi. Lakini katika mambo mengi kazi ndiyo itanguliayo, na hamu ni tunda lake. Kijana aseme: nitaketi na kitabu hiki nusu saa, nikipenda nisipende. Ajapo kuketi hivyo kila siku, siku moja atafahamu jambo ambalo jana hakulifahamu, na katika kufahamu huko mna raha ndogo. Na raha hiyo ndogo ndiyo mbegu.

Walakin kujilazimisha kuna mpaka wake, na mpaka huu tumewekewa na Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Imekuja katika hadithi za Bukhari na Muslim kwamba aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab (R.A.): anaposwali akachoka huishikilia isije ikamwangusha. Mtume akaamrisha ifunguliwe, na akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na uchangamfu, na akichoka apumzike. Hiyo ilikuwa ni swala, ibada iliyo kubwa kuliko zote, na bado hakuiridhia kamba. Je, vijana wetu wamejifunga kamba ngapi? Ziko kamba za muguka utafunwao usiku kucha kabla ya mtihani, na za vinywaji vya kufukuza usingizi. Mnamo Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kuupiga marufuku muguka, na mabishano yakafika mahakamani. Lakini hata kabla ya hukumu ya mahakama yoyote, mwenye akili ajua kwamba nguvu ya kukopa hulipwa na riba. Usiku mmoja wa macho makavu hulipwa kwa siku tatu za moyo uliokufa.

Na kwa wale wanaokhofu kwamba kusoma bila ya hamu ni unafiki, tuwakumbushe kisa cha Hanzala (R.A.), mmoja katika waandishi wa Mtume. Alikutana na Abu Bakr akamwambia kwamba yeye amekuwa mnafiki, kwa kuwa akiwa mbele ya Mtume moyo wake huwa kana kwamba aiona Pepo na Moto, na akirudi kwa mke na watoto na mashamba husahau mengi. Abu Bakr akasema kwamba hata yeye hupatwa na hayo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume (S.A.W.), naye akawafahamisha kwamba moyo haudumu juu ya hali moja, na kwamba una saa hii na saa hii. Ikiwa moyo wa Abu Bakr ulikuwa na saa zake, wewe ni nani hata utake moyo wako uwake mwaka mzima bila ya kupoa? Kupoa si unafiki. Unafiki ni kudai mbele za watu hali usiyokuwa nayo, na kuridhika na madai hayo.

Sasa tutaje yale ya kufanya, kwa ufupi. La kwanza ni kuisahihisha niya. Kijana asomaye uuguzi, uhandisi au hisabu asidhani kwamba asoma mambo ya dunia tu. Ghazali, katika kitabu hicho cha Ihya, ameihisabu tiba na hisabu katika mambo ya fardhi ya kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kuisongamania ilimu ya fiqihi wakauacha mji hauna tabibu Mwislamu. Basi mwanafunzi na ajiulize: katika mtaa wangu, ni mtu gani ambaye ilimu hii niisomayo itamwondolea dhiki? Ampate mtu huyo mmoja, amjue kwa uso wake, na asome kwa ajili yake. Maana kubwa isiyo na uso huyeyuka. Maana ndogo yenye uso hudumu.

La pili ni kuchagua kidogo kinachodumu, kwani Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache. La tatu ni kubadilisha. Al-Zarnuji, katika kitabu chake alichowaandikia wanafunzi, amesimulia kwamba Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alikuwa akiweka madaftari ya fani mbalimbali mbele yake usiku. Akichoshwa na fani hii hushika ile. La nne ni wenzi. Kitabu kisomwacho na watu watatu kwa majadiliano hakiwi kizito kama kisomwacho na mmoja chumbani. Na ndiyo sababu wazee wetu walisoma kwa duara. La tano ni kuiweka mbali simu ya mkononi wakati wa kusoma. Hatusemi kwamba simu ni haramu. Twasema kwamba moyo uliozoea kufurahishwa kila dakika hausubiri saa moja kuingoja furaha ya kufahamu. Na ile kamari ya mpira ichezwayo katika simu, hiyo hukumu yake ni ileile ya kamari yoyote, na mfano wa Ghazali watosha.

Na wazee nao wana fungu lao. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichapisha utafiti wao juu ya watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa zawadi wakichora, na wengine hawakuahidiwa kitu. Baada ya siku kadhaa wale walioahidiwa zawadi wakaonekana kuchora kidogo kuliko wenzao, wakati zawadi ilipokuwa haipo tena. Jambo walilokuwa wakilipenda kwa nafsi zao lilikuwa limegeuzwa kibarua. Basi baba ambaye tangu mtoto ana miaka sita humwambia asome apate cheti, na cheti apate kazi, na kazi apate nyumba, asistaajabu mtoto akifika miaka ishirini, akasikia kazi hazipo, akakiona kitabu hakina faida. Hatukatazi kutafuta riziki. Riziki ni wajibu. Tunakataza kuifanya ilimu kuwa ni ngazi tu, kwa sababu ngazi hupandwa kwa miguu na wala haipendwi.

Kadhalika mzee asimwambie mtoto wake kila apigapo simu: Kumbuka dhahabu ya mama yako tuliyoiuza. Atakumbuka, hana awezalo kusahau. Bali amuulize: Mwanangu, umekula? Umelala? Umesoma jambo gani juma hili, nifahamishe nami. Suali hili la mwisho lina dawa ndani yake, kwani kijana akimfahamisha mamaake jambo la tiba au la mitambo kwa lugha ya nyumbani, huenda yeye mwenyewe akaliona zuri kwa mara ya kwanza. Na waalimu wamtazame Mtume (S.A.W.), aliyekuwa akiwachagulia masahaba nyakati za mawaidha asije akawachosha, kama alivyosimulia Ibn Mas'ud (R.A.), ambaye naye alifuata mwendo huo huo. Mwalimu asomaye daftari la zamani kwa saa tatu bila ya kuinua macho, kisha akalalamika kwamba vijana hawana hima, ajiulize yeye hima yake i wapi.

Na ikiwa baada ya hayo yote kijana ameona kwamba fani aliyotiwa si yake, je, yajuzu aibadili, au aache kwa muda? Sisi twaona yajuzu, kwa masharti matatu: asiamue katika siku za giza, kwani aliye katika giza huona milango yote imefungwa, ashauriane na wazee wake kwa ukweli, wala asiwafiche kwamba yuko chuoni na hayuko, na awe ajua aendako, si akimbiako tu. Kuhama kutoka ilimu kwenda ilimu nyingine, au kwenda kwenye ufundi wa mikono, si kushindwa. Ufundi wa halali ni heshima, na mji wahitaji seremala na fundi wa umeme kama uhitajivyo wakili.

Alhasili, jawabu letu ni hili. Kijana aliyepotewa na hamu hana dhambi kwa kupotewa nayo, kwa sababu mtu haulizwi kwa lile asilolimiliki. Ataulizwa kwa lile alilolifanya baada ya hapo. Akisoma bila ya hamu hali ya kuwa aitafuta ridhaa ya Mola wake na manufaa ya watu, kusoma kwake ni ibada, na huenda thawabu yake ikawa kubwa kwa taabu yake. Na hamu hurudi, lakini hairudi kwa kuitwa wala kwa kufokewa. Hurudi kwa niya iliyosafishwa, kwa kazi ndogo isiyokatika, kwa mwili uliopewa haki yake, na kwa watu wanaomtaka yeye mwenyewe kabla ya kuitaka shahada yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu ilimu yenye manufaa, na nyoyo zenye uhai, na awape wazee wetu subira na busara katika kuwalea. Na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu peke yake.